Kwa Nini Busta Iliongeza Mkwaruzo, na Namna Voyager 1 Inavyosikika Bado

Swali: Ninapenda kusikiliza stesheni za mbali kwenye masafa mafupi. Nilinunua busta ya antena nikaifunga nyuma ya redio, nikitumaini kwamba stesheni hafifu zitakuwa wazi. Badala yake mkwaruzo uliongezeka pamoja na sauti, na stesheni mbili nilizokuwa nikizipata kwa shida zikapotea kabisa. Wakati huohuo nasoma kwamba chombo cha angani cha Voyager 1, chenye nguvu ya kurusha mawimbi isiyozidi ile ya taa ndogo, bado kinasikika kutoka nje ya sayari zote. Antena na vipokezi vyao vina nini ambacho changu hakina? Na je, mtu binafsi anaweza kufanya jambo kama hilo?

Jibu: Umekwisha kulijibu swali lako kwa nusu pale uliposema kwamba mkwaruzo uliongezeka pamoja na sauti. Kukuza ishara ni kazi rahisi mno. Transista moja huikuza mara kumi au ishirini, na ukizipanga kadhaa moja baada ya nyingine unaweza kuipandisha ishara mara bilioni bila kutumia kifaa chochote cha ajabu. Laiti udhaifu wa ishara ungekuwa ndio tatizo lenyewe, tatizo hilo lingekuwa limekwisha tangu enzi za redio za valvu. Shida ni kwamba ishara haiji peke yake. Inapofika kwenye antena tayari imechanganyika na kelele, na ndani ya kipokezi inakutana na kelele nyingine zinazozalishwa na saketi zenyewe. Kisha busta huzipokea zote na kuzikuza zote kwa kipimo kilekile, huku ikiongeza na za kwake. Kwa hiyo mtu anayeshughulika na ishara hafifu haulizi ishara ina nguvu kiasi gani. Anauliza imezizidi kelele, au imezidiwa nazo, kwa kiasi gani, na uwiano huo unaharibikia wapi.

Tuanze na kelele ambazo hakuna awezaye kuzikwepa. Mwaka 1928, katika maabara za Bell nchini Marekani, John B. Johnson alieleza vipimo vyake vya mtikisiko mdogo wa umeme unaopatikana katika rezista ya kawaida isiyounganishwa na chanzo chochote cha umeme, na Harry Nyquist akaonyesha sababu yake: elektroni ndani ya kila kipitishi zinahangaika kwa sababu ya joto, na mahangaiko hayo yenyewe ni umeme. Nguvu ya kelele hizo hutegemea mambo mawili tu, yaani halijoto, ikihesabiwa kwa kelvini kuanzia sifuri halisi, na upana wa mkanda wa masafa unaousikiliza. Haitegemei aina ya madini, wala ukubwa wa kifaa, wala bei yake. Katika halijoto ya kawaida ya chumba, ambayo ni takriban kelvini 290, kila hezi moja ya upana huleta wati 4 zilizogawanywa kwa bilioni, zikagawanywa tena kwa bilioni, kisha zikagawanywa kwa elfu. Ni kiasi kidogo kupindukia, lakini ndiyo sakafu ambayo kila ishara inasimama juu yake. Stesheni ya masafa mafupi inayochukua upana wa kilohezi 5 hukutana na mara 5,000 ya kiasi hicho. Stesheni ya FM yenye upana wa kilohezi 200 hukutana na mara 200,000. Naomba uikumbuke hesabu hii ya upana, kwa sababu ndani yake mna sehemu kubwa ya siri ya Voyager.

Katika masafa unayosikiliza wewe, hata hivyo, sakafu hiyo haionekani, kama isivyoonekana sakafu ya chumba kilichofurika maji. Chini ya megahezi 30 hewa imejaa kelele zinazotoka nje ya redio, na mara nyingi huzizidi kelele za saketi mara maelfu. Kila radi inapopiga hutoa mawimbi ya redio yenye nguvu kubwa, na ileile ayonosfia, yaani tabaka la juu la angahewa, inayozirudisha duniani ishara za stesheni za mbali hurudisha pia mlio wa radi za mbali, kiasi kwamba redio yako husikia dhoruba za bara jingine. Juu ya hizo ziko kelele za vifaa vya umeme vilivyo karibu nawe. Na ziko nyingine ambazo hazitoki duniani kabisa.

Hizo za mwisho ziligunduliwa na Karl Jansky, mhandisi wa maabara zilezile za Bell, ambaye alikuwa amepewa kazi ya kutafuta vyanzo vya mikwaruzo iliyosumbua simu za redio za kuvuka bahari ya Atlantiki. Alijenga antena ndefu iliyozunguka juu ya magurudumu ya gari, akasikiliza kwenye megahezi 20.5, na akazigawa kelele alizozipata katika mafungu matatu: radi za karibu, radi za mbali, na mlio laini usiokoma ambao kilele chake kilirudi kila baada ya saa 23 na dakika 56. Muda huo si wa kubahatisha. Ndio muda ambao dunia hujizungusha ukiipima kwa nyota badala ya jua, na hivyo Jansky alifikia uamuzi, alioutangaza mwaka 1933, kwamba mlio ule ulitoka kwenye galaksi yetu, hasa upande wa kitovu chake. Katika masafa hayo anga hung'aa kama kitu chenye joto la makumi ya maelfu ya kelvini. Fikiria sasa faida ya kununua amplifaya yenye utulivu wa hali ya juu halafu ukaielekeza kwenye tanuri kama hilo.

Ndiyo maana katika masafa ya chini antena dhaifu si hasara kama watu wanavyodhani. Fimbo ya feraiti iliyomo ndani ya redio ndogo za mkononi, inayotumika kwa mawimbi ya kati, hunasa sehemu ndogo mno ya nishati ambayo antena kamili ingeinasa. Lakini inapunguza ishara na kelele za nje kwa kiasi kilekile, na maadamu kelele za nje zilizobaki bado zinazizidi zile za saketi, uwiano haujaguswa. Hapo ndipo busta hukosa kazi ya kufanya.

Kabla mtu hajatumia fedha huwa napendekeza jaribio moja. Tafuta mahali patupu kati ya stesheni mbili, sikiliza mkwaruzo, kisha chomoa antena. Mkwaruzo ukishuka waziwazi, kipokezi chako tayari kinazisikia kelele za nje, na hakuna amplifaya itakayokupa kitu zaidi ya hicho. Ukibaki vilevile, basi kelele unazozisikia ni za kipokezi chenyewe, na hapo amplifaya nzuri iliyofungwa karibu na antena, wala si nyuma ya redio, inaweza kukusaidia. Redio nyingi hupandisha ukuzaji zenyewe pale ishara inaposhuka; kama yako ina swichi ya kuuzima utaratibu huo, uzime kwanza, la sivyo jaribio litakudanganya.

Kuhusu stesheni mbili zilizopotea, nina hakika karibu kamili juu ya kilichotokea. Busta nyingi za bei nafuu hukuza kila kitu, kuanzia mawimbi ya kati hadi televisheni, bila kuchagua. Stesheni yenye nguvu iliyo karibu inaposukumwa zaidi ya uwezo wa transista, transista haiwezi tena kuifuata kwa uaminifu, na stesheni mbili zenye nguvu zikikutana katika hali hiyo huzaana: hutokea ishara za uongo kwenye jumla na tofauti za masafa yao, zinazotapakaa kila mahali na kufunika zile hafifu. Kipokezi kizuri cha ishara hafifu hupimwa pia kwa jambo hili, yaani uwezo wa kuvumilia jirani mwenye makelele huku kikimsikiliza mnong'onezi. Wauzaji hulitaja kwa nadra, nami naliona ni muhimu kuliko namba yoyote ya ukuzaji iliyoandikwa kwenye kasha.

Kitakachokusaidia wewe, basi, ni antena inayochagua. Antena ndogo ya kitanzi ina pande mbili ambazo haisikii karibu chochote, na unaizungusha si ili kuielekeza kwenye stesheni bali ili kuukazia chanzo cha kelele upande wake wa uziwi. Ishara ya mbali, ikishuka kutoka angani kwa pembe, haipotei pamoja nacho. Isogeze mbali na nyaya za nyumba. Mimi mwenyewe niliwahi kutumia majuma mawili nikibadilisha kebo, nikikagua soketi na hata kulihukumu dari, kabla ya kugundua kwamba mkwaruzo uliokuwa ukinisumbua kila jioni ulitoka kwenye chaja ya simu iliyokuwa nusu mita kutoka kwenye meza yangu.

Sasa twende kwa Voyager, ambako mambo hugeuka karibu yote. Kadiri masafa yanavyopanda, radi hunyamaza na galaksi hufifia. Kati ya gigahezi 1 na gigahezi 10 hivi kuna dirisha ambamo anga tupu ni baridi sana. Chini yake galaksi inatawala, na juu yake mvuke wa maji na oksijeni ya angahewa huanza kutoa kelele zao. Jinsi dirisha hilo lilivyo tulivu ilidhihirika wanafizikia Arno Penzias na Robert Wilson walipokuwa wakipima antena yenye umbo la pembe mwaka 1964, kwenye megahezi 4,080. Walihesabu kila chanzo cha kelele walichokijua, wakasafisha hata kinyesi cha njiwa waliokuwa wamejenga kiota ndani yake, na bado zikabaki takriban kelvini 3.5 zisizo na mwenyewe, zikitoka kila upande kwa kiasi kilekile. Zilikuwa mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga, na ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Kwa mhandisi wa vipokezi maana yake ni kwamba anga yenyewe karibu haichangii chochote, na kila kelvini ya kelele anayoizalisha ndani ya kifaa chake ni hasara halisi.

Voyager 1, iliyorushwa Septemba 1977, iko umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24, na ishara yake huchukua zaidi ya saa 22 kutufikia. Kitoa mawimbi chake kina wati 23 hivi, lakini hizo hazitawanywi kila upande. Dishi lake la mita 3.7 huzikusanya katika mwali mwembamba uliolenga dunia, na katika masafa ya gigahezi 8.4 kukusanya huko kuna athari sawa na kuziongeza wati zile zaidi ya mara 60,000 kwa yule aliye ndani ya mwali. Hata hivyo mwali hutanuka njiani. Ukifanya hesabu, dishi la mita 70 hapa duniani, ambalo ni mojawapo ya yale matatu makubwa ya NASA, shirika la anga la Marekani, yaliyoko Goldstone, Madrid na Canberra, hunasa takriban nusu ya wati moja iliyogawanywa kwa bilioni na kugawanywa tena kwa bilioni. Kwa namba hiyo peke yake mtu angekata tamaa. Lakini tumekubaliana kwamba nguvu peke yake haisemi kitu, kwa hiyo tutazame upande wa kelele.

Kazi ya kwanza ya dishi ni eneo. Haliongezi nishati, linazoa mawimbi yaliyoangukia kwenye maelfu ya mita za mraba na kuyapeleka mahali pamoja, ili yafike kwa pamoja na kwa mpangilio mmoja. Hilo huwezekana tu kama uso wake ni laini kulingana na urefu wa wimbi. Kanuni tunayoitumia ni kwamba kasoro zisizidi sehemu ya ishirini ya urefu wa wimbi, na kwa kuwa wimbi la gigahezi 8.4 lina urefu wa sentimita 3.6 hivi, chuma cha upana wa mita 70 kinachoinama na kuinuka kwa kuifuata anga hakiruhusiwi kupotoka umbo lake kwa hata milimita 2. Kazi ya pili, ambayo wengi huisahau, ni kutosikia. Upana wa mwali wa dishi kama hilo haufiki digrii 0.04, ilhali mwezi mpevu una upana wa nusu digrii, na hivyo kila kilicho nje ya kipande hicho kidogo cha anga kinazuiwa kwa kiasi kikubwa. Adui mkubwa zaidi yuko chini: ardhi yenyewe ina kelvini 290. Pembe inayopokea mawimbi mbele ya dishi ikichungulia hata kidogo nje ya ukingo, itaiona ardhi, na joto hilo litaingia moja kwa moja kwenye kipokezi. Wasanifu wako radhi kuuacha ukingo wa dishi usitumike kikamilifu, na kupoteza ishara kidogo, mradi tu wasiisikie ardhi.

Baada ya hapo inakuja amplifaya ya kwanza, na hapa ndipo busta yako na busta yao zinapoachana. Mwaka 1944 mhandisi Harald Friis alichapisha hesabu inayoonyesha kwamba katika mlolongo wa amplifaya, kelele za kila hatua hugawanywa kwa ukuzaji wa hatua zote zilizoitangulia. Hatua ya kwanza ikikuza mara elfu, kelele za hatua ya pili zitahesabika kwa sehemu ya elfu tu. Kwa maneno mengine, karibu kila kitu huamuliwa kabla ishara haijafika hatua ya pili, na kitu chochote kinachopoteza ishara kabla ya hatua ya kwanza, iwe kebo, soketi yenye kutu au kichujio, hutoza mara mbili, kwa kuwa kinapunguza ishara na kuongeza kelele za joto lake chenyewe. Kebo ya kawaida inayopoteza asilimia 20 ya nishati huongeza kelele za kelvini zaidi ya 70. Kwa redio ya masafa mafupi, inayosikiliza anga lenye maelfu ya kelvini, hilo ni tone baharini. Kwa kipokezi ambacho mfumo wake mzima una kelvini 25 hivi, ni maangamizi. Kwa sababu hiyo amplifaya ya kwanza ya madishi hayo hufungwa palepale mawimbi yanapokusanywa, na hupozwa kwa heliamu hadi chini ya kelvini 20. Zamani ilikuwa kifaa kiitwacho kwa Kiingereza maser, kilichotumia rubi ndani ya usumaku; siku hizi ni transista za pekee zilizopozwa.

Sasa ile hesabu ya upana niliyokuomba uikumbuke. Katika kelvini 25, hezi moja ya upana ina kelele zilizo ndogo kuliko ishara ya Voyager zaidi ya mara elfu. Naam, ishara inashinda, na kwa mbali, ili mradi usikilize hezi moja tu. Ukiifungulia kipokezi upana wa kilohezi 200, kama wa stesheni ya FM, ishara hiyohiyo itazama chini ya kelele zaidi ya mara mia. Voyager husikika kwa sababu inazungumza polepole: kwa kawaida hutuma biti 160 kwa sekunde, mwendo ambao intaneti ya kawaida huuzidi mara maelfu kwa maelfu. Ilipokuwa Jupita mwaka 1979, karibu kilomita milioni 700 kutoka kwetu, ilituma biti 115,200 kwa sekunde. Tangu hapo umbali umeongezeka mara 35 hivi, na kwa kuwa nguvu inayotufikia hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, ishara imedhoofika zaidi ya mara elfu; mwendo wa kutuma umepunguzwa mara 720. Namba hizo mbili kukaribiana si bahati. Ni mtu mmoja anayezungumza taratibu zaidi kadiri anavyokwenda mbali, na pengo dogo lililobaki likazibwa huku duniani, kwa mfano kwa kuyapanua madishi makubwa kutoka mita 64 hadi mita 70 kabla ya Voyager 2 kufika Neptuni mwaka 1989.

Kusikiliza mkanda mwembamba kuna gharama yake. Dunia huzunguka jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, na hivyo masafa ya ishara hupanda na kushuka kwa mamia ya kilohezi katika mwaka, mbali na yumbo la kila siku linaloletwa na dunia kujizungusha. Kipokezi kinachotazama kupitia tundu la hezi chache lazima kijue kabla ya wakati ishara itakuwa wapi na kuifuata bila kuteleza, kazi inayohitaji saa za atomiki zilizo imara kupita kiasi. Aidha, biti zenyewe hazitumwi zikiwa uchi. Mwanahisabati Claude Shannon alithibitisha mwaka 1948 kwamba kelele haziweki mpaka kwa usahihi wa ujumbe bali kwa kasi yake tu: ukituma chini ya kasi fulani, unaweza kuusimba ujumbe kwa namna ambayo makosa yatapungua kadiri unavyotaka. Voyager hutuma alama mbili au zaidi kwa kila biti ya ujumbe, na kila alama inabeba habari za biti kadhaa zilizopita, ili kompyuta ya huku iweze kukisia kwa uhakika kile ambacho kelele zimekifuta.

Usidhani mbinu hizi ni za mashirika makubwa pekee, maana huenda unatembea nazo mfukoni. Ishara ya GPS, ikishuka kutoka kilomita 20,200 juu, hufika kwenye simu ikiwa dhaifu kuliko kelele za joto mara 50 hadi 100, na antena ya simu ni kipande kidogo kisicho na mwelekeo. Kipokezi hakiwezi kuiona. Kinaitambua kwa kuwa kinajua wimbo inaoimba. Kila setilaiti hurudia msimbo wake wenye hatua 1,023 mara elfu moja kwa sekunde, na simu hutengeneza nakala ya msimbo huo, ikaiteleza juu ya mchanganyiko unaoingia, ikizidisha na kujumlisha. Nakala inapolingana barabara na ishara, hatua zote 1,023 hujumlishana upande mmoja, ilhali kelele, zisizojua msimbo wowote, hujumlishana huku zikighairiana. Ukijumlisha mara N, ishara hukua mara N lakini kelele hukua kwa kipeuo cha pili cha N tu. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayowawezesha wanafizikia wa anga kupima chanzo kilicho dhaifu kuliko kelele za kipokezi chao mara maelfu, kwa kujumlisha saa baada ya saa, na ndiyo inayofanya madishi mengi madogo yafanye kazi ya dishi moja kubwa. Mwaka 1989, kwa ajili ya Neptuni, antena 27 za darubini ya redio ya VLA huko New Mexico ziliunganishwa na zile za Goldstone ili kuisikiliza Voyager 2 kwa pamoja.

Umeuliza kama mtu binafsi anaweza. Kikundi cha wapenzi wa redio kiliinasa ishara ya Voyager 1 mwaka 2006 kwa dishi la mita 20 lililoko Bochum, Ujerumani, na mwaka 2024 wengine wakafanya hivyo kwa dishi la mita 25 la Dwingeloo, Uholanzi. Walichokipata ni lile wimbi tupu linalobeba ujumbe, likionekana kama mstari mwembamba kwenye skrini ya kompyuta baada ya kufanya masahihisho yote ya mwendo wa dunia. Kuusoma ujumbe wenyewe ni suala jingine. Ukijaribu kwa dishi la mita 3, eneo lako litakuwa dogo mara 500 hivi kuliko lile la mita 70, na amplifaya isiyopozwa itakuongezea kelele mara kadhaa, hivyo faida yote ya mara elfu niliyoitaja itakuwa imeliwa kabla hujaanza. Ungehitaji kusikiliza upana ulio mdogo kuliko hezi moja kwa sehemu nyingi, kwa saa iliyo imara kiasi hicho. Sikushauri uanzie hapo.

Anzia kwenye ugunduzi wa Jansky, ambao redio yako inauweza. Ondoa busta, nenda mahali palipo mbali na nyaya za umeme, weka redio karibu na megahezi 20 usiku, wakati ambapo ayonosfia imeacha kurudisha masafa hayo na stesheni zimetoweka, uzime urekebishaji wa ukuzaji, na urekodi kiwango cha mkwaruzo hadi alfajiri kwa siku kadhaa. Kama kilele kinawahi kwa dakika 4 kila siku, kwa takriban saa mbili kila mwezi, si chaja ya jirani.